Boksi la Besi Ndani ya Gari la Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Juni

Gari limefika. Baba mkwe kalileta mwenyewe, katikati kabisa ya barabara, nyuma yake msururu wa watu wanapiga honi asizozisikia. Ndiyo sababu anaachana na udereva: masikio yamemtupa mkono. Alikubali yaishe siku lori lilipompigia honi kutoka sokoni hadi mlangoni kwake, naye akashuka kumshukuru dereva kwa kumsindikiza.

Mpango wake ni huu. Anakwenda kumtembelea dada yake, atarudi Jumamosi ya wiki ijayo. Gari linabaki kwangu. Akirudi atalikagua, kisha aamue ampe nani kati ya wakwe zake wawili. Mwezi uliopita lilikaa kwa mwanyumba wangu, fundi umeme, aliyemwoa dada wa mke wangu. Alilirudisha linanukia malimau, matairi yamepakwa sijui nini yanang'aa kama viatu vya bwana harusi. Ana gari lake la kazi. Hili analitaka kwa sababu nalitaka mimi.

Mke wangu analitaka kwa ajili ya keki. Anaoka keki za sherehe, na zinasafiri kwa pikipiki. Zinaondoka hapa na ghorofa tatu, zinafika na moja na nusu. Kaniambia: baba watoto, usiliguse. Lirudi kama lilivyokuja.

Nimelizunguka. Gari refu, mlango wa nyuma unafunguka kwenda juu. Nafasi ya nyuma pana, imekaa bure. Nimepima kwa jicho tu. Kupima si kugusa.

Jumanne, 4 Juni

Jambo la spika limenirudia kichwani. Ipo chini ya kitanda. Spika ya besi, upana wa sinia, na amplifaya yake. Nilipewa na fundi redio baada ya kumjengea kabati la dukani. Alisema tubadilishane ujuzi. Mimi ni fundi makabati. Spika nilikuwa sijui hata mbele na nyuma.

Lakini mwanyumba ana boksi la besi ndani ya gari lake, la kununua, limekuja na karatasi yake. Kila tukikutana kwenye shughuli za ukweni ananionyesha simu yake yenye programu ya kupima kelele. Mia moja na kumi na nane. Anaitamka namba hiyo kama mtu anayetaja cheo cha marehemu babu yake.

Nia yangu ni ndogo. Kuipita ile namba mara moja tu. Kisha natoa boksi, nalipiga gari kitambaa, napewa gari. Sioni panapoweza kuharibika.

Fundi redio kanieleza kwamba boksi ziko namna mbili: lililozibwa pande zote na lenye tundu. Lenye tundu lina kelele zaidi. Nikamuuliza kwa nini. Akasema ndivyo lilivyo. Jibu hilo halikunitosha, nimeshinda mezani napuliza chupa tupu.

Niliyoyaona: chupa kubwa, mlio mzito. Shingo ndefu, mzito zaidi. Shingo pana, mlio unapanda. Kwa hiyo boksi ni chupa tu, na spika ndiyo mdomo wa mpulizaji. Ile shingo nimeipa jina: koo. Mke wangu kapita mara kadhaa. Mwisho kauliza kama nasikia homa.

Jumatano, 5 Juni

Boksi la kwanza limekamilika, bandani kwangu. Limefeli.

Nililipima kwa nje, kama kabati. Mwenye kabati haulizi ndani kunaingia hewa kiasi gani. Nimejaza vumbi la mbao kwa ndoo ili nijue nafasi halisi, nikakuta pungufu kubwa. Imeliwa na unene wa mbao, na mgongo wa spika, na koo lenyewe, kwa sababu koo linalala humo humo ndani kama mgeni aliyekuja na kitanda chake.

Tena koo nimelifanya jembamba. Upepo unapiga mluzi kutoka humo. Besi yenyewe ni kama mbuzi anayekohoa ndani ya pipa.

Fundi cherehani wa jirani kaja. Kasema sindano yake inaruka peke yake, na suruali ya mteja imeshonwa mfuko ukafungwa. Nikamuuliza inaruka kwenye mlio upi, mzito au mwepesi. Lilikuwa swali la nia njema. Aliniambia, jirani, wewe si mzima, akaondoka. Ni hasara. Cherehani ile ingekuwa kipimo kizuri.

Ijumaa, 7 Juni

Boksi la pili. Hili ni lenyewe.

Nililitaka kubwa, koo pana, mbao nene. Halikuenea nyuma, kwa hiyo nimeng'oa kiti cha nyuma. Bolti tu, kitarudi. Nikaona kulijenga bandani kisha kulibeba ni ujinga. Kabati la ukutani hujengwa humo humo chumbani, ubao kwa ubao. Ndiyo kazi yangu miaka yote. Nimeingiza mbao moja moja, nikazibana kwa skrubu, nikapaka gundi ile inayoshika kuliko mbao zenyewe. Limekaa ndani ya gari kama jino kwenye fizi. Huwezi kupitisha hata karatasi.

Nililitazama muda mrefu. Mtu hapati kuona kazi nzuri namna hii kila siku, hasa ikiwa ni yake.

Kiti cha nyuma nimekiweka sebuleni na kukitandika shuka ya maua. Mke wangu nimemwambia ni sofa, zawadi ya mteja. Alifurahi. Akauliza mbona halina miguu. Nikamwambia ndiyo mtindo.

Jumamosi, 8 Juni

Leo nimeona kitu ambacho sitakisahau.

Fundi redio kanirekodia milio inayoshuka polepole kutoka mwembamba hadi mzito. Nikaipiga kwenye redio ya gari, nikaketi ndani, mlango wa nyuma wazi, macho kwenye spika. Inashuka, spika inacheza. Inashuka zaidi, inacheza zaidi. Halafu mahali fulani, gari zima likiwa linatetemeka hadi meno yangu, spika ikatulia. Imesimama kimya, haitikisiki kabisa. Nikajua imekufa.

Nikapeleka mkono kwenye koo. Upepo ukanipiga kiganjani kama feni. Kipande cha karatasi kiliruka hadi barabarani. Haikuwa imekufa. Kwenye mlio ule mmoja koo ndilo linalofanya kazi yote, spika imepumzika. Nimerudia na kurudia. Kila mara vilevile. Ni kama nyumbani kwa wakwe zangu: baba mkwe ameketi, hajatikisika, na mambo yote yanatoka kwa mama mkwe.

Ukishuka chini ya hapo spika inaruka hovyo kama mtu aliyevutiwa kiti. Nikapunguza haraka.

Kisha nikataka kujua gari linatikisika wapi. Nikachukua unga wa keki wa mke wangu, kidogo, nikaunyunyiza juu ya paa. Unga unakimbia panapotikisika, unakusanyika palipotulia. Paa la baba mkwe likajichora maua, mistari, mpaka mviringo. Ukibadilisha mlio, ua linabadilika. Watu wa mtaani wakasimama kutazama. Mmoja akauliza kama ni dawa.

Nikapandisha sauti nione ua kubwa zaidi. Unga wote ukaruka, na vioo vilikuwa wazi.

Namba: mia moja na kumi na sita. Mbili pungufu. Jioni nzima nimesafisha viti kwa brashi ya viatu. Mke wangu anatafuta unga wake. Nimemsaidia kutafuta.

Jumapili, 9 Juni

Mwanyumba na shemeji wamekuja kusalimia. Mwanyumba kaketi kwenye sofa jipya. Akalisifu. Akajisogeza nyuma, akasikia kitu kinamchoma, akapeleka mkono katikati ya mito, akatoa kifungo cha mkanda wa gari.

Alikitazama. Akanitazama. Halafu akauvuta mkanda taratibu, akaupitisha kifuani, akaufunga, ukalia tak! Akasema, mwanyumba, nyumba yako ina usalama sana. Akaomba chai. Akainywa akiwa amejifunga.

Bahati wanawake walikuwa jikoni.

Nje alinibana. Kwanza alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaingia garini, akachungulia boksi, akapapasa koo. Nilimwona: alikuwa na wivu. Mwishowe akatoa sharti. Atafunga mdomo, lakini Jumanne tukutane uani kwa fundi redio, gari lake na hili, simu moja, mpimaji mmoja. Atakayeshindwa anajitoa mwenyewe kwenye suala la gari la mzee.

Nilikubali kabla hajamaliza. Sasa namba ile imebeba keki zote za mke wangu.

Jumatatu, 10 Juni

Siku nzima ya koo.

Mbili tu zinatafutwa. Nimeligundua hili: gari nalo lina mlio wake, ule ambao likiupata linaitika lote. Boksi langu linaimba chini kidogo ya hapo. Kazi ni kuwakutanisha. Kwa kuwa sitaki kulibomoa boksi, nimebadilisha koo. Nikalikata, nikaunga vipande vya mbao, nikavitoa. Likirefuka mlio unashuka, likifupika unapanda, sawasawa na chupa. Nimejaribu pia kopo la keki la mke wangu, la duara, lililotobolewa chini. Limetobolewa na mimi. Halikufaa.

Upana wa vidole viwili ukiutoa kwenye koo, namba inapanda moja. Ukitoa zaidi, inashuka tena. Kuna mahali pake, na pakipita pamepita.

Halafu kuna wezi. Kibao cha namba kinalia kama sufuria. Mlango wa kushoto unanung'unika. Kiboksi cha dashibodi kinafunguka chenyewe kama kinataka kuchangia hoja. Kila kinacholia ovyo kinaiba besi. Nimeviziba kwa soksi.

Na simu: ukiiweka katikati ya dashibodi inasema kitu kimoja, ukiisukuma kwenye kona, kioo cha mbele kinapokutana na nguzo, inaongeza. Sauti inajikusanya konani kama vumbi. Hili simwambii mtu.

Mke wangu kauliza kwa nini nimevaa viatu bila soksi. Joto, nikasema.

Jumanne, 11 Juni

Nimeshinda.

Fundi redio alikuwa mpimaji. Mwanyumba alianza. Boksi lake la kununua likapiga vizuri, siwezi kusema uongo. Simu aliiweka katikati. Mia moja na kumi na nane, kama kawaida ya babu yake.

Zamu yangu nikaiweka simu konani, kwa sura ya mtu asiyejali. Nikafunga vioo. Nikapandisha mlio hadi mahali pake. Spika ikatulia, koo likafunguka. Ndani ya gari hewa iligeuka kuwa kitu cha kushikika. Shati lilinipepea tumboni. Kioo cha kutazama nyuma kilibanduka kwenye gundi yake kikanidondokea mapajani. Mia moja na ishirini na moja.

Fundi redio akaonyesha simu kwa wote. Mwanyumba akanipa mkono, kiume kabisa. Akasema gari ni langu, yeye amejitoa, hata kwa mkewe atasema hivyo. Nilimpenda kwa dakika nzima.

Halafu akainama, akalitazama boksi, akautazama mlango wa nyuma, akauliza kwa upole: sasa, mwanyumba, hili linatokaje?

Nikacheka. Nikachukua futi na kupima mlango. Ilikuwa mara ya kwanza kuupima. Nikapima boksi. Nikapima mlango tena, kwa sababu futi nyingine hudanganya. Milango ya pembeni ni midogo zaidi.

Katika maisha yangu sijawahi kuulizwa kabati la ukutani litatokaje.

Mwanyumba aliondoka anapiga mluzi.

Alhamisi, 13 Juni

Skrubu zimetoka zote. Boksi halikujua. Gundi imeshika.

Msumeno hauingii, pale nilipojisifu kwamba hata karatasi haipiti, nilisema kweli. Nimejaribu patasi. Nimetoa kipande cha ukubwa wa biskuti, na pamoja nacho kipande cha zulia la gari. Nimejaribu maji ya moto. Sasa ni boksi lenye unyevu.

Nikiwa humo ndani, miguu nje, mke wangu akaja na sinia la keki. Alitaka kuona kama litaenea nyuma, ajiandae kwa maisha mapya. Nikasikia kimya. Kimya cha mke wangu kina uzito. Programu ya simu haiwezi kukipima.

Hakugomba. Aliingia sebuleni, nami nyuma yake, akaondoa shuka ya maua, akaketi kwenye kiti cha nyuma cha gari la baba yake na sinia mapajani. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, kwamba sikutaka kumwudhi, hilo analijua. Nilitaka kujua tu. Siku zote nataka kujua tu, na yeye ndiye anayebaki na kopo lililotobolewa.

Nilikuwa na patasi mkononi.

Kaamua hivi: Jumamosi nikampokee baba yake stendi mwenyewe, kwa gari hilo hilo, nimweleze mwenyewe. Kwa sauti atakayoisikia.

Jumamosi, 15 Juni

Nimempokea. Kaketi mbele, begi mapajani kwa sababu nyuma hakuna nafasi ya hata mwavuli. Hakugeuka kutazama. Shingo inamsumbua, shukrani kwa shingo.

Nikaanza kukiri tukiwa bado stendi. Nikamwambia, baba, kuna jambo kuhusu gari. Akasema dada yake hajambo. Nikapaza: nimejenga boksi. Akasema ndiyo, amenenepa. Nikapiga kelele mpaka muuza magazeti akageuka: baba, kiti cha nyuma hakipo! Akanipigapiga goti, akasema naye alimkumbuka mama mkwe wangu sana.

Nikakata tamaa, nikatafuta saa. Redio inaonyesha saa. Nikabonyeza.

Nilikuwa nimeisahau ile sauti ya Jumanne.

Ilikuwa taarifa ya habari. Msomaji mwenye sauti nzito akatamka neno moja na begi likaruka mapajani mwa mzee. Nikapeleka mkono kuzima. Akaushika. Baba mkwe hajawahi kunishika mkono kwa nguvu namna ile. Akaweka kiganja cha pili kifuani. Kisha kwenye dashibodi. Akauliza, nani huyo anayeongea?

Nikaelekeza kwenye redio.

Akasema kumbe ni nzima. Miaka yote hii alidhani redio ya gari ilikufa, akawa anaona aibu kuuliza.

Hakutaka twende nyumbani. Tumezunguka hadi habari zikaisha, na michezo, na hali ya hewa. Maneno anayapata nusunusu, kasema, lakini mtu anayezungumza anampata, yuko hapa, na akagonga kifua. Ulipokuja muziki alifumba macho. Nikajua sasa gari ni langu kuliko la mtu yeyote. Nikaanza hata kupanga sentensi ya unyenyekevu.

Tulipofika kwake, wote walikuwa mlangoni: mama mkwe, mke wangu, mwanyumba na shemeji. Mzee akashusha kioo, akatangaza. Gari haliendi kwa mtu. Haendeshi tena, neno lake ni lile lile. Lakini liegeshwe pale chini ya dirisha lake, yeye ana shughuli nalo. Kisha akapandisha kioo, na vikombe vya mama mkwe vikaanza kucheza kabatini. Kabati lile nilijenga mimi.

Mke wangu alinitazama. Mwanyumba alitazama angani, ameibana midomo asicheke.

Jumatatu, 17 Juni

Hali ilivyo. Mzee anashinda garini. Redio inamaliza betri, kwa hiyo kila asubuhi naichukua kwa toroli, naipeleka kwa mwanyumba ikachajiwe, naona meno yake, nairudisha. Mke wangu kakitwaa kiti cha nyuma, kakipa miguu, anapokelea wateja wa keki. Keki zinaendelea na pikipiki.

Leo mama mkwe kaniita pembeni. Hapingi mume wake kusikia. Ila amekuwa mjane wa gari. Akauliza, mkwe wangu, hivi kitu kama kile hakiwezi kukaa sebuleni, ili mzee arudi kula ndani?

Mke wangu alikuwa anasikiliza. Akasema hilo kweli ni wazo. Baba akihamia sebuleni, gari linabaki bure.

Kwa hiyo nimeanza mara moja. Safari hii nimefanya hesabu kama mtu mzima. Unene wa mbao nimetoa. Mgongo wa spika nimetoa. Koo nimetoa. Nimepima mpaka mlango wa sebule ya ukweni, boksi linapita kwa raha. Boksi ukubwa wa kabati la nguo, koo la kuingiza kichwa. Nataka kuona sebule nayo ina mlio wake upi.

Bandani kuna vumbi na gundi haipendi vumbi, nimelijengea chumbani kwetu. Limesimama sasa hivi mbele yangu, zuri, linatoka ukuta hadi ukuta. Naandika nimeliegemea.

Mke wangu anagonga. Anauliza kwa nini mlango haufunguki, na kama niko ndani natokaje. Nimemwambia anipitishie futi dirishani.